Sare na Shemeji

Jumatatu, 1 Aprili

Shajara hii nimepewa bure na muuza matairi, na kila ukurasa una picha ya tairi. Mke wangu ameniuliza nitaandika nini humo, mtu ambaye hata orodha ya sokoni huisahau mezani. Nimemwambia nitaandika maisha. Amesema basi kurasa zitabaki.

Mvua imeanza leo. Asubuhi nzima nimefundisha udereva vioo vikiwa na ukungu. Mwanafunzi wangu wa sasa ni muuza nyama, jitu lenye mikono kama miguu ya meza, lakini likiona gari linakuja mbele linafumba macho. Gari letu la mafunzo lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya kwangu. Ya kwangu ndiyo iliyochakaa.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua.

Jumatano, 3 Aprili

Shemeji amekuja jioni, akavua viatu vyake vya matope mlangoni, akakaa bila kukaribishwa kama kawaida yake. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa majokofu, mtu ambaye nimecheza naye sataranji kila Jumamosi tangu nilipokuwa na nywele.

"Jengo la karakana limeuzwa," akasema. "Binti yangu anasema niende nikakae kwao. Nimekubali."

Kwa binti yake ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Mke wangu aliweka sufuria chini. Mimi, badala ya kusema neno la maana, nikauliza, "Sasa nani atanifunga kila Jumamosi?"

"Usijali, shemeji. Wa kukufunga hawakosekani."

Tulicheka wote. Ataondoka katikati ya Mei mvua zikipungua, maana anahama na mafriji yake na hataki lori linase kwenye tope. Alipotoka mke wangu akasema, "Ukimpata kwenye fainali ya kombe la klabu, mcheze vizuri. Hilo ndilo atakaloondoka nalo."

Jumamosi, 6 Aprili

Klabu yetu iko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule. Meza ni sita, moja imewekewa boksi lililokunjwa chini ya mguu. Wachezaji wetu ni watu wazima wenye kazi zao, wanaojua sataranji kiasi cha kubishana lakini si kiasi cha kuacha kubishana. Leo nimemfunga Katibu katika nusu fainali. Katibu ni mfamasia, ndiye msomi wetu, anasoma vitabu vya mchezo. Leo lakini alikuwa na mafua, kila akitaka kufikiri anapiga chafya. Nimeingia fainali kwa msaada wa mafua.

Shemeji naye kamfunga mtu wake bila hata kumaliza chai.

Kwenye mechi rasmi sijawahi kumfunga. Wala sare sijawahi kuipata. Napenda iandikwe mahali, hata kama ni chini ya picha ya tairi.

Alhamisi, 11 Aprili

Muuza nyama leo amefungua macho, lakini akasahau mikono. Tumepanda ukingo wa bustani ya manispaa. Hakuna aliyeumia isipokuwa maua.

Jumamosi, 13 Aprili

Ngoja niiandike yote, maana sitalala nisipoiandika.

Mimi nilikuwa na weupe. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi Mama Mwenyekiti, mkunga mstaafu na mtu wa sauti, alilazimika kupiga kelele kutangaza fainali. Shemeji alikaa, akafuta vidole kwa kitambaa kama anavyofanya kabla ya kugusa kifaa cha mtu, tukaanza.

Sikucheza vibaya. Nasema hivyo kwa mshangao. Malkia walikufa mapema, ngome zikafuata, na kila nilipotegemea kuanguka nikakuta bado nimesimama. Saa zilipokaribia kuisha tulikuwa tumebaki hivi. Mimi nina mfalme, askofu anayetembea njia nyeupe, na askari wawili, mmoja ukingoni kulia na mmoja katikati. Yeye ana mfalme, farasi aliyemsogeza ukingoni kushoto, na askari mmoja tu katikati.

Lakini mimi nilimwona yule askari wake peke yake. Nilimwona anatembea, anafika mwisho, anageuka malkia, na watu wananipa pole. Nikiogopa mguu wangu wa kulia hukanyaga breki, hata isipokuwepo. Chini ya meza ulikuwa umekanyaga sakafu hadi kisigino kinauma. Shemeji alikuwa ametulia na ameweka mkono mdomoni, na mimi nikautafsiri ule utulivu kuwa ni ushindi wake.

"Sare, shemeji?" nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtu anayeomba lifti.

Alinitazama. Akautazama ubao. Akanitazama tena, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akanyoosha mkono.

"Sare."

Kombe tutalishika wote wawili, amesema Mama Mwenyekiti. Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi kama kijana. Sare na Shemeji! Mke wangu amenichekea hadi nimeona haya.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Bado nina furaha.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo Katibu alikuja na mafua yake yamepona. Kabla ya kombe kukabidhiwa alipanga ubao mbele ya watu wote, akaweka vipande vyangu na vya Shemeji kama tulivyoviacha.

"Tazameni," akasema, akionyesha kwa kidole chake cha mfamasia. "Farasi wa Fundi amesimama ukingoni huku. Mwalimu akimleta askofu wake hapa katikati, farasi ana njia ipi? Hii, askofu anaiona. Hii, anaiona. Hii, na hii, zote anaziona. Farasi kanaswa. Mfalme wa mwalimu anakwenda taratibu, anamla. Kinabaki nini? Askofu mzima, na askari wa ukingoni anayekwenda kuwa malkia. Hapo tena kuna mchezo?"

"Hakuna!" wakaitika wote.

"Hata haina haja ya kuendelea," akasema Katibu, akaacha hapo hapo.

Mimi nilikuwa nautazama ule ubao kama naona picha ya nyumba yangu yenye chumba nisichokijua. Farasi! Sikumwona hata kidogo. Siku ile alikuwa pale ukingoni kama ng'ombe wa mtu mwingine.

Mama Mwenyekiti akasimama. "Na mnadhani mwalimu hakuliona hilo? Mtu wa kufundisha watu kutazama barabara? Aliona. Akanyamaza, akampa shemeji yake sare ya kuagia. Huo, jamani, ndio uungwana."

Wakapiga makofi. Mvua na makofi havikuwa na tofauti.

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nilitabasamu. Tena si tabasamu la kawaida; nilitabasamu nikitazama chini, kama mtu anayeficha wema wake. Sijui nilijifunza wapi. Nilipoinua macho nikamkuta Shemeji ananitazama, nikahamia kwenye kalenda ya ukutani.

Alichukua koti lake. Mlangoni akasema, "Asante, mwalimu."

Miaka yote hii hajawahi kuniita mwalimu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemweleza mke wangu. Aliuliza swali moja tu: "Uliona, au hukuona?"

"Sikuona."

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Yaani wewe umeogopa, na watu wamekupigia makofi!" Halafu kicheko kikakatika. "Na kaka anajua hukuona?"

"Anadhani nilimhurumia."

"Basi nenda kamwambie. Kaka anaweza kufungwa na mtu yeyote. Kuhurumiwa hawezi."

"Kesho."

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua kubwa. Sikwenda.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua ndogo. Sikwenda.

Alhamisi, 25 Aprili

Mwenye duka la chini ya klabu ameniona barabarani akaniita, "Muungwana!" Nimeitika. Niandike na hili pia: nimeitika haraka.

Jumamosi, 27 Aprili

Shemeji hakuja klabuni. Mimi walinivutia kiti. Katibu aliniuliza kwa heshima nilianza kumwona farasi mwendo upi. Nikasema, "Ah, mambo ya mezani yabaki mezani," na jibu hilo likapendwa kuliko ukweli wowote niliowahi kuusema pale.

Nimerudi nyumbani njia ndefu, isiyopita karakana.

Jumatano, 1 Mei

Siku ya mapumziko. Nimekwenda karakana, nimeapa kwamba leo namwambia. Nilimkuta amelala chali nyuma ya friji moja, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, mwalimu."

Nilisimama nikihesabu vikopo vya rangi. Mwishowe nikasema, "Nimekuja kuazima bisibisi."

"Ya kichwa gani?"

"Yoyote."

"Juu ya meza hapo. Chukua unayoitaka."

Nimerudi na bisibisi. Mke wangu kaipokea, kaigeuzageuza, kaniuliza, "Imemwambia?"

Ijumaa, 3 Mei

Muuza nyama amefaulu mtihani. Amenikumbatia mbele ya askari wa barabarani, ikabidi nivutwe nitoke mikononi mwake.

Jumapili, 5 Mei

Mke wangu ameshinda kwa kaka yake kumsaidia kufunga mizigo. Karudi jioni. Nilipomsukuma sana ndipo akasema.

"Nimemuuliza huko aendako kama atatafuta klabu. Amesema ameacha sataranji."

"Ameacha?"

"Anasema amefika umri wa kupewa. Kwamba mtu akishaanza kupewa sare, ajue watu wanamwona amekwisha." Akaniangalia. "Baba yetu alimfundisha mchezo huo kabla sijazaliwa. Nimeona anafunga vyombo, anafunga vitabu, ubao ameuacha juu ya kabati. Nimeuchukua mimi."

Sikuwa na pa kutazama. Nyumbani kwetu kalenda iko nyuma yangu.

Mtu mwoga nilidhani hudhuru nafsi yake tu. Nilijihesabia hivyo maisha yangu yote, na nikajichekea mwenyewe, na nikawachekesha watu. Kumbe mwenzangu anaweza kuacha kitu anachokipenda kuliko chakula kwa sababu mimi sikutaka kuvuliwa sifa isiyo yangu.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwambia. Nimemwambia yote, nimesimama mlangoni mwa karakana na maji yakinichuruzika shingoni.

"Shemeji, siku ile sikuona."

"Hukuona nini?"

"Farasi wako. Sikuona kama kanaswa. Nilimwona askari wako tu, nikaogopa, nikaomba sare. Hakuna uungwana wowote. Ni woga."

Aliendelea kukaza nati. Halafu akaweka spana chini taratibu.

"Mwalimu, tumecheza miaka mingapi mimi na wewe? Farasi amesimama ukingoni, mweusi, mkubwa hivi. Haonekani?"

"Hakuonekana."

"Mimi nilimwona. Nilipomweka pale, mkono haujatoka nikajuta. Nikakaa na mkono mdomoni nisipige kelele. Uliposema sare nikajua umeshaona, unanisitiri. Niliona haya, lakini nikapokea. Nikasema ni yetu wawili, basi. Halafu Katibu akaja kuitandaza kama nguo za ndani juani."

"Ndiyo nakwambia, shemeji, sikuona—"

"Dada yangu amekutuma." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nakushukuru. Wewe ni mtu mwema mno. Umenihurumia mezani, sasa umekuja kunihurumia kazini. Inatosha."

Nilitaka kumwapia. Lakini mtu ataapaje kwamba yeye ni mjinga, na aaminiwe?

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Sikula.

Jumamosi, 11 Mei

Leo ameondoka.

Lori lilipaswa kufika asubuhi, likakwama kwenye tope huko njiani. Mizigo yote ilikuwa tayari, kamba zimefungwa, na sisi watatu tumesimama karakanani tukilisubiri. Mke wangu akatoa ubao kwenye mfuko wake, akauweka juu ya friza iliyokuwa karibu na mlango.

"Pangeni," akasema.

"Dada, acha."

"Siachi. Pangeni pale mlipoachia, mcheze mpaka mwisho. Mimi nimewachoka nyinyi wawili. Wewe, kaka, unasema anaijua. Wewe unasema huijui. Mtu acheze, tuone."

Shemeji alipanga bila kuulizwa kipande kipi kilikuwa wapi. "Sawa," akasema. "Ila mwalimu asinionee huruma. Nifunge kama unavyomfunga mtu wa mbali."

Nilijua sasa nimenaswa mimi, si farasi. Nikishinda, nimethibitisha kwamba nilijua. Nikikosea, nimemhurumia mara ya tatu. Nikaamua kitu pekee nilichoweza: kucheza kama Katibu alivyoonyesha, bila kupunguza.

Nikamleta askofu katikati. Farasi akanaswa. Shemeji akatikisa kichwa kama mtu anayesikia tena habari ya msiba. Nikamtembeza mfalme wangu kwenda kumla farasi, na yeye muda huo akamtumia mfalme wake. Askari wetu wa katikati wakalana, wakatoka wote wawili. Nikamla farasi. Nikabaki na askofu mzima na askari wangu wa ukingoni, yeye na mfalme peke yake.

"Katibu aliachia hapa," nikasema.

"Endelea."

Nikaendelea. Mfalme wake akakimbia, akafika ile kona ambayo askari wangu alikuwa anaiendea, akaingia ndani yake kama mtu anayejifungia chumbani. Nikamsogeza askari. Nikamleta mfalme. Nikataka kumfukuza kwa askofu. Askofu wangu anatembea njia nyeupe, na kona ile ni nyeusi. Hawezi kuigusa. Nikambana mfalme wake mpaka akakosa pa kukanyaga, na hakuna kinachomshambulia. Na hiyo, kwa sheria za mchezo, ni sare.

Tukatazamana.

"Rudisha," akasema. "Njoo kwa upande ule."

Nikarudisha, nikaja kwa upande ule. Sare. Akanigeuzia ubao, akacheza yeye na weupe, mimi nikakaa konani. Alijaribu kila njia anayoijua, na anazijua nyingi. Sare.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "hakukuwa na ushindi."

"Inaelekea hivyo."

"Katibu hakumaliza!" Akaanza kucheka. "Klabu nzima ile, na wasomi wao, wakaacha njiani wakapiga makofi! Shemeji! Hukunipa kitu!"

"Sikuwa na kitu cha kukupa!"

Alicheka hadi akashika friza. Nilikuwa sijasikia neno "shemeji" tangu Aprili. Mke wangu naye alicheka, akasema tulikuwa na majuma yote haya ya mvua, tungeweza kuyajua haya mbele ya chai, na ubao wenyewe ulikuwepo.

Hapo kicheko cha Shemeji kikapungua. Si ghafla. Kilipungua kama friji linavyozima, ukaja kugundua baadaye kwamba nyumba imekuwa kimya.

"Kwa hiyo kweli hukuona," akasema.

"Sikuona. Nilikwambia."

"Uliniambia Jumatano hii." Alikuwa anapanga vipande ndani ya ubao, kimoja kimoja. "Siku ile Katibu anaongea, nilikutazama. Nilisema moyoni, kama ni huruma, atanyamaza, maana mwenye huruma huona haya. Kama si huruma, atasema. Ulinyamaza. Nikakuheshimu kwa hilo, ingawa nilikasirika. Sasa unaniambia ulinyamaza kwa sababu makofi yalikuwa matamu."

Sikuwa na kalenda yoyote ya kutazama. Karakana ilikuwa tupu.

"Ndiyo," nikasema.

"Majuma yote yale nimejiona mzee."

Honi ya lori ikalia nje. Tulibeba friza pamoja, yeye mbele mimi nyuma, tukielekezana "kushoto, kushoto, shusha," kwa adabu kama wapagazi wasiofahamiana. Dada yake alimkumbatia muda mrefu. Mimi alinipa mkono. Ubao ameuchukua, hilo tu ndilo ninaloweza kujisifia, na hata hilo ni kazi ya mke wangu.

Jumanne, 14 Mei

Jua.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda klabuni mapema, nimepanga ule mchezo, nimesubiri wafike wote. Nikawaonyesha kona, rangi ya kona, njia ya askofu. Katibu aliinamia ubao hadi miwani ikagusa mfalme, akajaribu hivi na hivi, akasema, "Loo."

"Na jambo la pili," nikasema. "Siku ile mimi sikumwona farasi. Wala sikumpa mtu chochote. Niliogopa nikaomba sare, na mliponisifu nikanyamaza kwa kupenda sifa."

Nilihisi nimetua mzigo. Halafu Mama Mwenyekiti akatikisa kichwa, macho yamelowa.

"Mnamwona?" akawaambia. "Fundi kaondoka, hayupo hata kusikia, na huyu bado anamlindia heshima yake."

Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyopiga makofi, na Katibu ndiye aliyesimama wa kwanza.

Jioni nimempigia Shemeji simu nikamweleza. Alisikiliza yote.

"Hawakukuamini," akasema.

"Hawakuniamini."

"Mimi nakuamini."

Nilisubiri acheke. Nyuma yake zilisikika sauti za watu na vipande vinavyogongwa juu ya meza. Amepata klabu huko, kumbe, ameanza leo leo. Nikamwambia nimefurahi, na nilifurahi kweli.

"Wameniuliza nilikotoka nilikuwa nacheza na nani," akasema. "Nimewaambia, na mwalimu mmoja wa udereva."

Nikamjibu kwamba hiyo ni kweli, ndiyo kazi yangu.